Chuchu ya Nne

Kila tulipotoka Kashojwa, kwenye kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kwenda soko la Endiinzi kuuza pumba, mimi nikisukuma baiskeli na Mama Shemasi nyuma akishika gunia lisianguke, ilikuwa lazima tusimame njiani. Si kwa kuchoka. Ni kwa ajili ya ng'ombe wa watu. Wale ng'ombe wa Kinyankore, wa wenyeji wa huku, wenye pembe ndefu wakianza kuvuka barabara, Mama Shemasi anaachia gunia, mimi nahangaika na baiskeli peke yangu, na yeye amesimama kando anawatazama mpaka wa mwisho apite. Halafu anaanza kuwasema. Yule ana homa. Yule amezaa juzi. Yule pale mwenyewe wake ni bahili, anamkamua mpaka ndama analala na njaa.

"Unamujua mwenyewe?" namuuliza.

"Miye nitamujulia wapi? Ngombe ndiyo inanielezea."

Mimi shule niliishia kwenye kusoma na kuandika, hesabu zikanishinda, kwa hiyo usinidai mpango. Nitamsema kama ninavyomkumbuka. Alizaliwa wapi na baba yake nani, hayo nayaacha. Kwetu ni kule juu, milima ya Kivu ya Kusini, inatosha. Hata jina lake, pale kambini hakuna aliyeliita. Kwa kazi yake ya kanisa alikuwa Mama Shemasi, hata kwa Wakatoliki, hata kwa wale Wasomali wa duka la sukari.

Na nikishataja sukari, nilimalize hilo kabla halijanipotea. Nyumbani kwake alikunywa chai kavu, akisema sukari inaharibu meno. Kwako alitia vijiko mpaka kijiko kinasimama. Mke wangu akamwambia siku moja, "Mama Shemasi, na meno?" Akajibu, "Haya ni meno ya wageni, ya kwangu nimeyaacha mu nyumba." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kanisani alikuwa anasinzia. Sema ukweli: alikuwa analala kabisa, pale mbele kwenye benchi la mashemasi, kidevu kifuani. Lakini pasta akikosea mstari, alifungua jicho moja. Na maombi yake kwa wagonjwa yalikuwa mafupi, tofauti na ya wengine. Anaweka kiganja juu ya mgonjwa, anasema, "Bwana, huyu ni wako, siye tunamuchunga tu," basi, anakaa kupika uji. Wagonjwa walimpenda kwa uji zaidi.

Ile ya "ni wako, siye tunachunga" haikuwa maneno ya kanisa tu. Ndivyo alivyoiona dunia nzima. Kwa kila kitu alikuwa na maswali mawili: mwenyewe ni nani, na mwenye kuchunga ni nani? Ukimwazima jembe anakuuliza. Ukimkalisha kwenye kiti anakuuliza kiti ni cha nani, utafikiri atakula kiti. Na hapo hapo, vitu vyake mwenyewe vilizunguka kijiji kizima: karai lake liko kwa jirani, sufuria liko kwenye msiba, viatu vyake vya Jumapili vimeenda harusini Rugaaga na miguu ya mtu mwingine. Nilimwambia, wewe unayeuliza habari ya mali kama hakimu, mbona yako huijui iko wapi? Akasema, "Fasi iko siijui. Mwenyewe namujua. Ni miye."

Kule kwetu tuna desturi ya kuragiza. Una ng'ombe, huna majani au huna nguvu, unampelekea rafiki amchunge. Ng'ombe anabaki wako. Maziwa ni ya anayechunga. Ndama wanakuwa wako, mpaka akishazaa vya kutosha, mmoja unampa yule rafiki kwa jasho lake. Na siku ya kumwacha, mwenyewe anaweka kiganja mgongoni mwa ng'ombe, anampiga kidogo, pah, ili ng'ombe ajue hakutupwa. Mtu anayeuza hapigi. Anayegawa bure hapigi. Ni anayeragiza peke yake.

Sasa mashine.

Pale Kashojwa palikuwa na mashine moja ya kusaga mahindi, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kuiwasha. Ilikuwa ya kampuni ya mzee mmoja wa Mbarara, Munyankore, mtu mzuri wa kofia ya ngozi. Siku moja alikuja na pikipiki, akaizima, akakaa juu yake bila kushuka, akasema kwa kile Kiswahili chao:

"Nyinyi, mimi nachoka. Watoto yangu hapana taka mashine, nataka Kampala tu. Iko mutu wa Rugaaga nasema naleta pesa, nabeba yote. Lakini nasema, wacha kwanza nauliza nyinyi."

Banamama waliokuwa wamepanga mabeseni walimgeukia wote. Mashine ikienda Rugaaga, mahindi yataenda huko juu ya vichwa vyao, na unga urudi juu ya vichwa hivyo hivyo. Mama Shemasi akatoka kwenye foleni, akauliza swali lake: "Mwenyewe ni weye, ao ni kampuni?"

Mzee akakuna kofia, akamwita mama kwa lugha yao. "Nyabo, hiyo maneno nauliza wakili."

Ndiyo tukaenda Mbarara, watatu: yeye, mimi, na mzee mwenyewe. Wakili alikuwa binti mdogo, akatupokea kwa Kiswahili kilichonyooka. Alikulia kwenye kambi ya jeshi, baba yake askari. Ofisini mwake palikuwa na kiti kimoja cha wageni. Mama Shemasi akakaa chini kwenye saruji, wakili akaona haya, akatoka nyuma ya meza akakaa chini naye. Ndipo nilipojua mambo yatakwenda.

"Mama, kuna njia nyingi za kununua," wakili akasema. "Mnaweza kununua mashine peke yake, chuma na injini. Kampuni inabaki ya mzee."

"Na kibanda?"

"Kibanda na ruhusa ya kiwanja viko kwa jina la kampuni. Hivyo hamvipati."

"Basi ni ngombe bila fasi ya kulala. Sema ingine."

"Mnunue kampuni yenyewe. Sheria inaihesabu kampuni kama mtu. Mnachukua kila kitu chake. Ila kama ina madeni, nayo yanakuja nayo."

Mama Shemasi akamgeukia mzee. "Kupe?"

"Kupe nini, nyabo?"

"Iko na kupe? Ngombe mutu anaiangalia chini ya mukia mbele ya kuilipa."

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa, akasema polepole, "Iko moja. Mutu wa dizeli. Nalipa mimi kabla nakupa." Na alimlipa kweli.

Mzee mwenyewe alitaka njia nyingine: auze nusu, abaki na nusu. Mama Shemasi hakumkasirikia. Alimwambia, "Baba, ngombe ya batu wawili, asubuhi ya kukamua mutakuwa wawili, asubuhi ya kutafuta majani nitakuwa miye tu, weye uko Mbarara." Mzee akakubali kwamba ni kweli, magoti yake hayawezi tena ile barabara. Akasema basi, anunue yeye peke yake, alipe kidogo kidogo kila mavuno, anamwamini. Hapo mimi nilimkanyaga mguu akubali. Wakili naye alisema ni rahisi, mwenye mali mmoja, hakuna mikutano wala ugomvi.

Mama Shemasi alitazama sakafu. Halafu: "Nikikufa, batoto bangu watagombana juu ya mashine. Atashinda mwenye nguvu, ataiuzisha Rugaaga. Banamama watasagia wapi?"

"Iandikwe ya kanisa," nikasema mimi.

"Na Pasta wakimuhamisha? Ataacha Biblia, mashine atapanda nayo mu gari."

Shemasi huyo, anasema vile juu ya pasta wake! Wakili alificha uso. Ndipo akaeleza njia ya hisa: kampuni inagawanywa vipande, kila mama ananunua kipande anachoweza, mwenye kikubwa ana sauti kubwa, na kampuni ikianguka, mwenye kudai haji kubeba mbuzi wa mtu nyumbani, anadai kampuni. Mama Shemasi alilirudisha hilo la mbuzi mara nyingi, alitaka alisikie vizuri. Mwisho akauliza, "Huyu mutu kampuni, anakufaka?"

"Wenyewe wakifa, yeye anabaki."

"Basi ni hii," akasema, akanyoosha mkono wakili amwinue.

Banamama waliuza maharage, kuku, vitenge vya harusi. Na mimi nikauza redio. Kampuni ikawa yetu. Siku ya kupokea, mzee alinikabidhi mimi mpini wa kuwashia, na Mama Shemasi akaja mbele ya watu wote kuniragizia. Akanyoosha kiganja aipige mashine mgongoni. Nilipiga kelele, nimechelewa. Tulikuwa tumetoka kusaga, na aliweka kiganja chote juu ya bomba la moshi. Hakulia. Alisema tu, "Hii ngombe iko na homa." Kovu lake lilibaki katikati ya kiganja, linang'aa, na tangu siku hiyo aliiogopa mashine kama mtoto anavyoogopa mbwa. Mwenye sauti kubwa kwenye kampuni, na alisagisha unga wake akiwa amesimama nje ya mlango.

Sasa nieleze kosa letu, maana wengine wakisikia hawaelewi watu wazima walifanyaje vile. Tuliichunga mashine kwa desturi ya ng'ombe. Pumba yangu, kwa kuchunga. Pesa ya kusaga, ukitoa dizeli, ni maziwa: yaligawanywa kila Jumamosi kwa wenye hisa, yakanywewa. Watoto walivaa viatu. Mwanamke mmoja aliezeka mabati. Na ukimuuliza yeyote, mashine ikizeeka je? Anakujibu bila wasiwasi, tutaona ndama. Hatukuwa wajinga. Mali tuliyoijua sisi tangu utoto ni ile inayozeeka huku imekuzalia nyingine. Yupi kati yetu aliwahi kuona mali inayozeeka tu?

Injini ilikufa wakati mbaya kuliko yote, mahindi yamekauka majumbani. Fundi wa Mbarara aliifungua, akaifunga, akanawa mikono. Alipoanza kunawa nikajua.

Tulikutana kibandani. Mabishano! Mmoja anasema mimi niliiua kwa dizeli chafu. Mwingine anataka kuuza kampuni kwa yule wa Rugaaga, kibanda na kiwanja, tugawane kilichobaki. Mama Shemasi alikuwa nje ya mlango, fasi yake. Siku ile aliingia ndani. Aliizunguka mashine, maana sasa imepoa, akaigusa pande zote kwa mara ya kwanza.

"Ngombe iko na chuchu ngapi?" akauliza.

Wakadhani huzuni imempata kichwani. "Ine, Mama Shemasi."

"Mutu mwenye akili anakamua ngapi?"

Kila mtu wa kwetu anajua: unakamua tatu, ya nne unaiacha ya ndama.

"Siye tulikamua zote ine," akasema. "Ndama ya ngombe inalia, inakukumbusha. Hii haikulia. Hata miye sikukumbuka, na miye ni mukubwa wenu."

Basi tukaweka sheria: kila debe la nne, pesa yake si ya mtu, ni ya ndama. Sheria nzuri, lakini injini imekufa, utakamua nini?

Sikusema mbele kwamba alikuwa na mtamba. Nilisahau, au nilikuwa naogopa kufika hapa. Miaka yote ile ya kusimama barabarani kutazama ng'ombe wa watu, alikuwa anajikusanyia polepole, na mwisho alinunua mtamba mmoja, mwekundu, akamragiza kwa rafiki Munyankore kule Endiinzi. Mtamba ana mimba ya kwanza. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa miguu kumwona, anarudi na harufu ya ng'ombe kwenye kitenge, hataki kukifua. Ndiye ng'ombe wake wa kwanza tangu tutoke kwetu.

Alimuuza. Hakutuuliza. Nilimkuta Endiinzi amesimama kando ya barabara, mnunuzi anamswaga mtamba, na yeye mikono yote miwili ameifungia ndani ya kitenge. Nikaelewa baadaye kwa nini ameifunga: mkono usije ukajisahau ukapiga mgongo.

"Mama Shemasi," nikasema.

"Sukuma baiskeli," akasema.

Injini mpya ilikuja na gari la ndizi. Wakili akaandika kipande cha Mama Shemasi kikubwa zaidi kwa ajili ya mtamba wake, na hakuna aliyepinga. Debe la nne likatunzwa. Likatuzalia, baada ya mavuno mengi, mashine ndogo ya mihogo, na siku ilipoingia kibandani banamama waliipigia vigelegele kama wanavyompigia ndama jike. Mama Shemasi alichungulia kutoka mlangoni. "Inafanana na mama yake," akasema.

Mara ya mwisho kuonana ni Mbarara. Binti yake alikuwa amekwisha kwenda kwenye nchi ya baridi, akamwitisha, na majina ya wakimbizi wanaosafirishwa huko yakatoka. Nilimkuta kwenye chumba alichopanga karibu na soko, miguu imevimba, amevaa koti kubwa la kiume na nje jua kali. "Ninajizoeza," akasema. Nilimletea unga wa kwetu kwenye mfuko. Akautia mdomoni mkavu, akautafuna, akaniambia nipunguze matundu ya chekeche.

Tulikwenda kwa wakili kwa miguu, polepole. Njiani akanieleza. Yule wa Rugaaga bado alikuwa hai na bado alikuwa na hamu. Alishanunua vipande vya banamama wawili waliosafiri kabla yake. Akipata na hiki kikubwa cha Mama Shemasi, sauti itakuwa yake, na mashine itapanda gari. Alimtumia ahadi ya bei nzuri. Na binti yake kule alimwambia kwenye simu: mama, uza, huku utanunua kitanda, utarudi kufanya nini?

"Na utauza?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Juu ya nini unauliza kama mupelelezi? Tembea."

Wakili alikuwa amenenepa kidogo na kuvaa miwani, na viti vya wageni sasa vilikuwa vingi. Akakaa nasi upande wetu vile vile. "Mama, unauza, au unamgawia mtu?"

Mama Shemasi akanitazama mimi. Nakiri nilifikiri atanigawia. Niliichunga mashine ile tangu nywele zangu nyeusi.

"Siuzishe," akasema. "Na huyu simugawie."

Nikatazama dirishani.

"Ninamuragizia."

Wakili hakulijua neno. Mama Shemasi akamweleza: mwenyewe ni miye. Huyu anachunga. Anakaa mu mukutano fasi yangu, anasema na kinywa changu. Maziwa anakunywa. Chuchu ya ine haigusi. Ndama ni yangu.

"Mama, ndama utaifanyia nini huko?" nikamuuliza, na nilikuwa na hasira kidogo, na kitu kingine zaidi ya hasira.

"Nikikugawia, tumemalizana," akasema. "Utaniombea mwaka moya, utanisahau. Nikikuragizia, utakuwa kila siku na maneno ya kuniambia. Ngombe inakula? Imelala vizuri? Utanipigia simu hata hutaki."

Wakili alikohoa, akasema sheria inalijua jambo hilo, ila inaliita jina lingine. Hisa zinabaki za mama, mzee huyu anasimama mahali pake. Akaandika. Mama Shemasi akaweka dole gumba. Yule wa Rugaaga, kipande hicho hajakipata.

Nje tulisimama. Pikipiki zilikuwa zinapita. Akasema barabara ya kwenda uwanja wa ndege inapita kwenye ng'ombe wengi, atakaa dirishani. Nikasema ndiyo, wengi. Halafu akakumbuka kitu, akageuka huku na huku kama anatafuta.

"Mashine iko mbali," akasema. "Sasa nitapiga nini?"

Akanizungusha kwa bega kama anavyozungushwa ng'ombe kwenye zizi, nikampa mgongo. Akaweka kiganja chake, kile cha kovu, akakiacha hapo kitambo. Halafu, pah.